Mara Tano, au Mara Tano Zaidi? Jinsi Kiingereza Kinavyopima Wingi Baada ya Kitenzi

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 nchini Tanzania. Sensa ya Agosti 2022 ikahesabu milioni 61.7. Mwandishi wa Kiingereza akipewa takwimu hizo mbili ana njia nyingi za kuzitia katika sentensi moja. Anaweza kuandika kwamba Tanzania ya 2022 ilikuwa na "five times as many people as" ile ya 1967. Anaweza kuandika "five times more people than". Anaweza kusema idadi "increased fivefold", au "increased by 400 per cent", au "rose to five times" ile ya awali. Sentensi za namna hizo huchapishwa London, Nairobi na Dar es Salaam bila mtu kushtuka, na msomaji mwenye haraka huzipita zote kama kitu kimoja.

Mwenye kalamu na karatasi ataona jambo jingine. Ile ya pili, ikichukuliwa neno kwa neno, inaleta watu milioni 73.8: milioni 12.3 za mwanzo, na juu yake mara tano ya hizo. Tofauti ya watu milioni 12 na ushei imejificha ndani ya neno "more".

Kabla ya kuwa jambo la hesabu, hilo ni jambo la sarufi. Kiingereza kimewatwika maneno machache mzigo mkubwa mno. "More", "less", "as much" na "as many" husimama mbele ya nomino na kufanya kazi ya kivumishi, husimama nyuma ya kitenzi na kufanya kazi ya kielezi, na mara nyingine hubaki peke yake mahali pa yambwa. Mtu akisema "She eats more", hakuna awezaye kuapa kama "more" ni chakula chenyewe kilichoongezeka au ni tendo la kula lililozidi. Neno halibadiliki umbo. Kinachoamua maana ni mahali lilipokaa.

Chukua sentensi mbili zenye maneno yale yale: "She eats more rice than ugali" na "She eats rice more than ugali". Ya kwanza inapima chakula: ukiweka kwenye mizani wali wote anaokula, utauzidi ugali. Ya pili inapima tendo: siku za wali ni nyingi kuliko siku za ugali, hata kama kila safari anakula vijiko vitatu. Neno moja limeruka nomino moja, na kinachohesabiwa kimebadilika. Kiswahili kinaposema "Anakula wali zaidi kuliko ugali" kinaziacha maana zote mbili zikae pamoja. Mwenye kutaka kuzitenga atasema ama wali anaoula ni mwingi kuliko ugali, ama anakula wali mara nyingi kuliko ugali. Lugha zote mbili zina njia ya kufika, ila Kiingereza kinategemea mpangilio wa maneno, nacho Kiswahili kinadai uongeze neno.

Mpangilio huo una sheria kali ambayo huwasumbua wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki. Kiingereza hakipendi kitu kiingie kati ya kitenzi na yambwa yake. "Anapenda sana chai" ni Kiswahili safi kabisa, lakini "She likes very much tea" hukutana na kalamu nyekundu ya mwalimu. Kipimo kinapaswa kusubiri yambwa ipite: "She likes tea very much". Sheria hiyo hulegea pale tu yambwa inapokuwa ndefu na nzito, kwa mfano kishazi kizima, ndipo "very much" huruhusiwa kutangulia. Ni haki kumwambia mwanafunzi kwamba kosa lake lina asili inayoeleweka. Amehamisha mpangilio halali wa lugha yake kuupeleka mahali ambapo haukubaliki, na maelezo hayo humsaidia kuliko alama ya mkasi kwenye daftari.

Kuna vitenzi ambavyo bila kipimo havisimami. "Cost", "weigh" na "last" (kwa maana ya kuchukua muda fulani) ni mifano mizuri. Mtu hawezi kusema "The bag weighs" akanyamaza. Lazima aseme kilo ngapi, au "more", au "twice as much as" mfuko mwingine. Hapa kirai cha wingi ni sehemu ya lazima ya sentensi, wala si pambo linaloweza kuondolewa. Kwa sababu hiyo anayejifunza Kiingereza cha biashara hukutana na virai hivi mapema, kwenye bei, uzito na muda, kabla hajafika kwenye fasihi.

Na "much" lenyewe lina tabia yake. Kwenye ukanushi na maswali linakaa vizuri: "He doesn't talk much", "Does he talk much?" Kwenye sentensi yakinifu ya kawaida linasikika kama nguo ya kuazima. Waingereza husema "He talks a lot". Lakini ulinganishi ukiingia, mlango unafunguka tena: "as much as", "too much" na "so much" hukaa popote bila kikwazo.

Kwa nini basi ulinganishi wa Kiingereza huwapa tabu hasa wasemaji wa lugha za Kiafrika? Mwanaisimu Leon Stassen wa Uholanzi alichunguza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1985, na baadaye katika atlasi ya miundo ya lugha za dunia. Katika lugha 167 alizozipanga kwenye atlasi hiyo, 22 tu ndizo zenye muundo wa kutumia kijineno maalumu cha ulinganishi kama "than", na nyingi kati ya hizo ni za Ulaya. Lugha 33 hutumia kitenzi chenye maana ya kuzidi au kupita, na hizo zimejaa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa kipimo cha dunia, basi, Kiingereza ndicho chenye mtindo wa wachache.

Msemaji wa Kiswahili anajua mantiki ya kitenzi hicho bila kufundishwa. Juma anamzidi Ali kwa urefu. Mwaka huu mvua imeshinda ya mwaka jana. Bei imepita uwezo wetu. Kulinganisha kwenyewe kumefanywa kuwa tendo, lenye mtenda na mtendwa. Hata "kuliko" ni umbo la kitenzi cha kuwa lililovikwa viambishi vya mahali. Tena "kuliko" hutosha peke yake: "Anapenda chai kuliko kahawa" haihitaji "zaidi" ili ieleweke. Wachunguzi wa Kiingereza cha Afrika wamerekodi tangu zamani sentensi za aina ya "She loves tea than coffee", ambamo "more" imeachwa. Haiachwi kwa uvivu. "Than" imepewa kazi yote ambayo "kuliko" na jamaa zake hufanya katika lugha za nyumbani.

Kuna eneo moja ambapo Kiingereza kina nafuu ya wazi. "Asha anampenda Neema kuliko Juma" ina maana mbili: ama Juma ndiye anayependwa kidogo, ama Juma ndiye anayempenda Neema kidogo. "Asha loves Neema more than Juma" ina kasoro hiyo hiyo, ila Kiingereza kinaitibu kwa neno moja dogo: "more than Juma does". Kiswahili kinabidi kirudie kitenzi kizima na kutaja wahusika, "kuliko Juma anavyompenda Neema", la sivyo utata unabaki palepale.

Baada ya mpangilio wa maneno huja vihusishi, na hapa ndipo fedha za watu huingia. "By" hutaja pengo. "To" hutaja mwisho wa safari. Tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Chicago, Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni kwa saa 2:00:35. Rekodi iliyokuwepo, 2:01:09, ilikuwa ya Mkenya mwenzake Eliud Kipchoge, aliyeiweka Berlin mwaka uliotangulia. Kiingereza husema Kiptum aliivunja "by 34 seconds" na kuishusha "to 2:00:35". Kiswahili kina jozi ile ile: kwa sekunde 34, hadi saa 2:00:35. Hakuna mtangazaji wa michezo aliyewahi kuchanganya mambo hayo, kwa sababu sekunde haziwezi kugeuka kuwa kitu kingine.

Asilimia zinaweza. Mwaka huo huo wa 2023, Sheria ya Fedha ya Kenya ilipandisha VAT ya mafuta ya petroli kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Imepanda kwa kiasi gani? Kiingereza makini kinajibu "by eight percentage points", yaani kwa pointi 8 za asilimia. Kiwango chenyewe cha kodi, hata hivyo, kimepanda "by 100 per cent", maana 16 ni mara mbili ya 8. Na anayelipa pampuni anaona namba ya tatu: mafuta ambayo kabla ya kodi ni shilingi 100 yalikuwa yakiuzwa 108, sasa 116, nyongeza ya asilimia 7.4 kwenye bei yote. Pointi nane, asilimia mia moja, asilimia saba na nusu kasoro kidogo: zote ni kweli, zote zinatoka kwenye sheria moja, na kila upande wa ubishi wa kisiasa unaweza kuchagua inayoupendeza. Sentensi pekee isiyo kweli ni "rose by eight per cent", ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote kuponyoka kwenye ulimi. Kwa Kiswahili ni vivyo hivyo: "kodi imepanda kwa asilimia 8" si sahihi, ingawa inasikika kama sahihi.

Sasa kwenye "times", kitovu cha ugomvi. Walimu wakali wa Kiingereza wamekuwa wakionya kwamba "five times more than" maana yake halisi ni mara sita, hivyo mwandishi mwangalifu aseme "five times as many as". Kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya Merriam-Webster, iliyotoka mwaka 1989, iliupinga ukali huo. Hoja yake ni kwamba wasomaji wa kawaida huelewa virai vyote viwili kuwa sawa, na kumsoma mwandishi vibaya kunahitaji mtu ajitahidi. Kwa mazungumzo ya kila siku kamusi hiyo ina haki. Mtu akisema sokoni kwamba nyanya ni ghali mara tatu zaidi ya juzi, hakuna atakayetoa kikokotoo.

Tatizo ni kwamba utetezi huo unafanya kazi vizuri pale tu namba ni kubwa. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo kirai kinavyoyumba. "Twice as much" ni mara mbili, bila ubishi. "One time more" je? Na "50 per cent more" ni moja na nusu, si nusu. Hapo kila mtu anakubali kwamba "more" inaongezwa juu ya kile cha mwanzo. Kwa hiyo msomaji yule yule anatakiwa ajumlishe akikutana na asilimia, na asijumlishe akikutana na "times". Mahali fulani kati ya "100 per cent more", ambayo ni mara mbili, na "two times more", ambayo wengi huielewa pia kuwa mara mbili, kanuni imebadilika bila kutangazwa. Wanaosema hakuna tatizo hawajatazama mpaka huo.

Upande wa kupungua ni mbaya zaidi. "Three times less" na "three times cheaper" ni virai vinavyotumika sana, lakini ukivitendea kama hesabu vinakwama: kitu kikipungua mara moja kwa kiasi chake chote, hakuna kilichobaki cha kupunguza mara ya pili. Waandikao hivyo hukusudia theluthi moja, na Kiingereza kina njia nyoofu ya kuisema: "a third as much", "a third of the price". Kiswahili cha magazeti kimeanza kuiga mtindo huo kwa "nafuu mara tatu" na "pungufu mara tano", wakati theluthi, robo na khumsi zimo katika lugha hii miaka mingi, mbili za kwanza zikiwa zimezoeleka katika mirathi, na robo katika mizani ya maduka.

Ubishi huu ungebaki wa walimu na wahariri kama usingewahi kugusa miili ya watu. Uliigusa. Oktoba 1995, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaandikia madaktari na wafamasia kuwaonya kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu: hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ilikuwa kama mara mbili ya ile ya vidonge vya kizazi kilichotangulia. Vyombo vya habari vikabeba habari hiyo kama ilivyo, na "twice", "double" na "100 per cent" zikafika kwenye kila kiamsha kinywa. Wanawake wengi waliacha vidonge.

Namba zilizozaa "mara mbili" hiyo zilikuwa hizi: kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani, takriban mmoja alipata tatizo hilo; kati ya 7,000 waliotumia vipya, wawili. Ongezeko ni mwanamke mmoja katika 7,000. Kwa makadirio, mwaka uliofuata England na Wales zilikuwa na utoaji mimba wa ziada wapatao 13,000. Jambo chungu ni kwamba ujauzito wenyewe huleta hatari ya damu kuganda iliyo kubwa kuliko ya vidonge vile. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Gerd Gigerenzer amekirudia kisa hiki katika vitabu na mihadhara kwa miaka mingi, akionyesha kwamba hakuna aliyedanganya. "Mara mbili" ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli isiyotaja mara mbili ya nini.

Kisa hicho kingepaswa kufundishwa katika kila chumba cha habari kinachotafsiri taarifa za afya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na vyumba hivyo ni vingi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema kwamba kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Msikilizaji wa redio akiambiwa hivyo tu, anaweza kudhani kwamba katika kila walaji mia wa soseji, 18 wataugua. Maana yake ni nyingine kabisa: hatari aliyokuwa nayo mtu tangu mwanzo, ambayo ni ndogo, imekua kwa chini kidogo ya moja ya tano yake, na haiwezi kueleweka bila kutajwa hiyo ya mwanzo. Kanuni kwa mhariri ni rahisi kuitaja: "mara" yoyote na "asilimia" yoyote ya ongezeko isichapishwe bila namba mbili zilizoizaa.

Ugomvi wa "less" na "fewer", unaowapa Waingereza joto kubwa kuliko mengine yote, una uzito mdogo. Sheria inayofundishwa ni kwamba "fewer" ni ya vitu vinavyohesabika na "less" ya visivyohesabika. Chanzo chake kinajulikana: mwaka 1770 Robert Baker, katika kitabu cha maoni juu ya lugha ya Kiingereza, alisema kwamba kwake yeye "fewer" inapendeza zaidi kwenye idadi. Ilikuwa ladha ya mtu mmoja. Mfalme Alfred, katika karne ya 9, alikuwa ameshatumia "less" ya zama zake kwa maneno yanayohesabika. Lakini ladha ya Baker iligeuka amri, kiasi kwamba mwaka 2008 maduka ya Tesco yaliamua kuachana na bango la "10 items or less" na kuweka "Up to 10 items", kwa ushauri wa kikundi kinachotetea Kiingereza chepesi, Plain English Campaign, ili kumaliza malalamiko. Wakati huohuo hakuna anayelilia kilichotokea upande wa pili. Hadi karne ya 16 Kiingereza kilikuwa na "mo" au "moe" kwa idadi na "more" kwa ukubwa na kiasi. "Mo" ikafa, "more" ikarithi yote, na lugha ikaendelea salama. Kama kupotea kwa tofauti hiyo hakukumuumiza mtu, vigumu kuamini kwamba bango la dukani lingeleta maafa.

Tofauti yenye uzito ni nyingine, na mara chache hupata kelele: "no more than" dhidi ya "not more than". "No more than ten came" inalalamika. Ni kumi tu waliokuja, wachache. "Not more than ten may enter" inaweka mpaka. Kumi wanaruhusiwa, wa kumi na moja abaki nje. Vivyo hivyo "no less than thirty years" hushangaa, na "not less than thirty years" huamuru. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana iliweka kifungo cha ubakaji kwa maneno ya amri hiyo, na Kiswahili cha mahakamani kinayabeba kwa kitenzi kimoja: kifungo kisichopungua miaka 30. Hakuna mwanya wa kubishania. Hapa lugha yenye kawaida ya kulinganisha kwa vitenzi imeizidi ile ya vijineno.

Mfano huo una kazi leo. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zimekuwa zikihamishiwa Kiswahili. Ndani yake mna "more than", "not exceeding", "at least" na "up to" zisizo na idadi. Mtafsiri akiandika "zaidi ya miaka 18" mahali pa "18 years or more", amemnyima haki kijana aliyetimiza 18 leo asubuhi. Ibara ya 5 ya Katiba haikufanya kosa hilo. Ilipotaja haki ya kupiga kura ilitumia kitenzi "kutimiza", na umri wenyewe ukaingia ndani ya haki. Watafsiri wa sheria, na wahariri wanaozieleza kwa wananchi, wafuate njia hiyo: isiyozidi, isiyopungua, aliyetimiza, hadi na pamoja na. "Zaidi ya" waibakize kwa kile tu ambacho kwa kweli kimevuka mpaka.